Matawi Barabarani

Mume wangu alikuwa na wake wawili, na mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa baiskeli. Nilipofika Uthiru kutoka Bunyore, bibi harusi na sanduku langu la bati, niliikuta imesimama ndani ya chumba, imeegemea ukuta karibu na kitanda, na nikaambiwa nipite polepole nisije nikaigonga. Kila Jumamosi aliipindua uani, akaiosha kwa sabuni, akaipaka mnyororo mafuta, huku majirani wakimtania kwamba hata mimi sijawahi kuoshwa hivyo. Nilicheka pamoja nao. Wivu sikuwa nao. Nilikuwa na hofu, na hofu hiyo haikunitoka miaka yote tuliyoishi pale.

Alikuwa tarishi katika ofisi moja katikati ya jiji. Kila asubuhi aliendesha kwenda mjini na kila jioni akarudi, kwa hiyo kila asubuhi ilibidi avuke barabara ya Nakuru. Chumba chetu kilikuwa upande wa bondeni. Njia ya miguu ilipanda kutoka kwetu, ikapita katikati ya nyua mbili za kayaba, ule mti wa miba, zilizokuwa ndefu kumpita mtu, halafu ikakutupa kwenye lami bila kukuonya. Ukisimama pale, kulia kwako magari yalitoka mjini, kushoto kwako malori yalitoka Limuru yakiteremka na mizigo ya kabichi, viazi na mbao. Mwenye baiskeli hakuyaona mpaka gurudumu lake la mbele liwe tayari juu ya lami. Dereva naye hakumwona mtu, aliona ua wa kayaba tu.

Watu husema ajali haina kinga. Mimi nikisikia mtu akisema hivyo hasira hunipanda mpaka leo. Pale kwetu ajali ilikuwa na kinga, ilikosa mtu wa kuiweka.

Mwenye nyumba wetu alikuwa mjane, Mkikuyu wa pale pale, mwenye ng'ombe watatu na vyumba vichache vya kupangisha. Wapangaji wote, hata sisi tuliotoka magharibi, tulimwita Maitu, yaani mama kwa lugha yao. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuna mwanamke aliyepatana naye kama mimi, kwa sababu tulikuwa na ulimi wa aina moja. Mwanawe wa pekee ndiye aliyekuwa akipeleka maziwa. Alifunga mitungi miwili kwenye keria ya baiskeli yake, akapanda ile njia akipiga kengele tangu chini hadi juu, tukajua kumekucha.

Asubuhi moja kengele ilipanda, ikafika juu, ikanyamaza, halafu tukasikia breki za lori.

Sitasimulia tulichokiona. Nitasema tu kwamba maziwa yalikuwa yameenea kwenye lami, na kwamba Maitu alipofika hakulia. Aliinama akaanza kuyazuia kwa kanga yake, yasiteremke zaidi, mpaka tukamshika mikono tukamwinua.

Baada ya mazishi aliniambia, "Twende mjini. Bwana yako anajua ofisi zote. Atuambie ile ya barabara iko wapi."

Mume wangu alitueleza tukaenda. Tulivaa viatu vya kanisani. Ofisini tulikalishwa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi, halafu tukaingizwa kwa kijana mmoja mwenye tai, mwenye heshima zake, siwezi kusema alitutukana. Alitandaza ramani mezani akaikagua kwa kidole.

"Mnasema ni wapi hapa?"

"Hapo penye kayaba," Maitu akasema.

"Mama, hapa hakuna junction."

"Kuna njia."

"Kwa ramani hakuna. Kibao ya kuonya madereva inawekwa penye barabara inakutana na barabara. Hiyo yenu ni kanjia ya miguu tu."

Maitu aliitazama ile karatasi muda mrefu. "Sasa kijana yangu alitokea wapi?"

Kijana wa tai alikunja ramani taratibu. Alisema pole mama, akasema ataandika, tungoje. Mimi nilitaka kumwambia maneno ambayo nisingeweza kuyarudia kanisani, lakini Maitu alinivuta kwa mkono wa nguo. Tulitoka nje kwenye jua la mjini, katikati ya watu wa mabahasha na wachuuzi wa karanga, na nikamlaumu kwa kunizuia. Alitembea tu kuelekea kwenye basi.

Wakati wa kurudi, tukiwa ndani ya basi, ndipo alipoona. Karibu na Kangemi lori lilikuwa limeharibika, na utingo wake alikuwa amefanya kile ambacho kila utingo hufanya: alikata matawi mabichi akayapanga barabarani, nyuma na mbele. Basi letu likapunguza mwendo tangu mbali. Likapita polepole, abiria wote wakachungulia.

"Umeona?" Maitu akanishika goti. "Hiyo haiko kwa ramani. Na dereva ameogopa."

Kesho yake asubuhi, kabla mwanamume yeyote hajatoa baiskeli, Maitu alipanda na panga, akakata matawi ya miwati iliyoota kando ya njia, akayapanga kwenye lami, pande zote mbili za mahali mwanawe alipofia. Hakuuliza mtu ruhusa. Nani angemkatalia? Siku chache baadaye tulikuwa wanawake wengi tukifanya kwa zamu, wenye waume wa baiskeli na hata wasio nao.

Na niseme ukweli, ilifanya kazi. Malori ya Limuru yalifika pale yakapiga breki na kujikokota, madereva wakinyoosha shingo kutafuta gari lililoharibika. Mume wangu na wenzake walivuka wakipiga soga. Mimi nilisimama juu ya njia nimefunga mikono kifuani, nimejaa kiburi, nikiwatazama wenye magari wakitii majani. Kufika saa ya chai mbuzi walikuwa wameyala yote, lakini wanaume walikuwa wameshafika kazini. Nilianza hata kulala usingizi wa maana.

Lakini dereva si mbuzi. Gari lilelile lilipita pale kila siku, dereva yuleyule akapunguza mwendo kila siku, na kila siku hakuona lori lililokwama. Kwanza walitikisa vichwa. Halafu walianza kupiga honi. Mmoja alisimamisha basi akashuka, akatuuliza gari bovu liko wapi, na tulipomwambia hakuna, alitutazama kama watu waliomwibia. "Nyinyi wamama mnatuchezea," akasema, akarudi kwenye usukani. Tangu hapo lile basi lilipita juu ya matawi bila kugusa breki, na mengine yakafuata.

"Hayo matawi yenu yatatuua," mume wangu akaniambia jioni moja, akiwa ameketi kizingitini akitoa mawe kwenye tairi.

"Tukiacha ndiyo mtakufa."

"Mama, sikiza. Mtu akidanganywa kila siku, siku ya ukweli hataamini."

"Basi tutaongeza mengine," nikasema. "Tujaze barabara yote."

Aliendelea kutoa mawe. Alijua nikishaamua jambo hakuna wa kunitoa. Na mimi nilijua anasema kweli, ndiyo maana nilipandisha sauti. Tuliongeza matawi. Maitu alikata makubwa zaidi, na magari yalipita juu yake kwa kasi ileile.

Ikaja Julai. Anayeujua ukungu wa Uthiru hahitaji kuelezwa, na asiyeujua nimwambie tu kwamba ng'ombe wa Maitu tuliwasikia kabla ya kuwaona, na zizi lilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Asubuhi hiyo zamu ilikuwa yangu. Niliwaacha watoto wetu wamelala, nikachukua panga, nikakata matawi yangu nikijikunyata kwa baridi. Mume wangu alinifuata akisukuma baiskeli, koti limefungwa hadi shingoni, begi la barua begani. Taa yake ya dinamo haikuwa na maana, iliangaza ukungu tu.

Tulipofika juu nilikuta matawi yamekwisha kuwekwa.

Yalikuwa mengi, nikiyaona kwa shida ukunguni, yamepangwa vizuri kwenye lami, upande wa mbali, ule wa magari yanayotoka Limuru. Nilifurahi. Nikajua Maitu amekosa usingizi tena, kama alivyokosa usiku mwingi tangu kumzika mwanawe, akaamua kunipunguzia kazi. Niliyatupa yangu chini. Harufu ya mkaratusi ilinijia puani, ile ya kujifukizia mafua, nikaivuta hata nikaona raha kwa ajili ya baridi. Sikujiuliza chochote.

Tukasikiliza. Hakuna gari.

"Nenda, Baba," nikamwambia. "Maitu ameshaweka."

Alipanda baiskeli, akasukuma mguu mmoja, akaingia kwenye lami.

Nyuma yangu nilisikia miguu ikipanda njia. Maitu alitokea kwenye ukungu, amebeba mzigo wa matawi ya miwati mgongoni. Akayaona yale barabarani. Akanitazama.

"Nani ameweka?"

"Si ni wewe?"

"Mimi? Ndiyo natoka kukata." Alivuta pumzi puani, na uso wake ukabadilika. "Hiyo si muwati. Hiyo ni ya lori!"

Aliutupa mzigo akapita mbio mbele yangu, yule mama ambaye magoti yalimsumbua, akipiga kelele, "Rudi! Rudi! Kijana, rudi!"

Nikaelewa yote kwa mara moja. Lori lilikuwa limeharibika kweli, mahali fulani chini yetu ndani ya ukungu, na utingo wake alikuwa amepanda hadi hapa kuweka matawi ya kuonya. Na ni nani pale angeyaamini? Tulikuwa tumewafundisha madereva wote wa barabara ile kwamba penye kayaba matawi si kitu.

Nililisikia kabla ya kuliona. Pikapu, kutoka Limuru, imejaa, inateremka. Haikupunguza mwendo. Ilipita juu ya matawi, nikasikia yakivunjika, halafu dereva akaliona lori mbele yake ghafla, akapinda kulia, upande wetu. Nikaona taa mbili za njano zikija kule mume wangu alikokuwa. Nikasikia chuma kikiburutwa. Kabichi zilianza kudondoka na kubingirika kwenye lami, moja baada ya nyingine, na hata baada ya injini kuzimika ziliendelea kubingirika.

Niliikuta baiskeli kwanza. Ilikuwa chini ya bampa, gurudumu la nyuma limekunjika, la mbele bado linazunguka. Haikuwa na mtu.

Nilimwita. Niliita jina lake la nyumbani, ambalo mke haliiti hadharani kwetu, nikaliita tena na tena, nikipapasa ukunguni na kukanyaga kabichi. Dereva wa pikapu alikuwa ameketi ndani, mikono kwenye usukani, anasema, "Nilifikiri ni yale ya wamama. Nilifikiri ni yale ya wamama." Maitu alikuwa amepiga magoti anatazama chini ya gari. Alitazama muda mrefu, na mimi sikuthubutu kumwuliza anaona nini.

Halafu ua wa kayaba ukaongea.

"Mama," ukasema. "Niko huku. Nitoeni, kuna miba."

Aliposikia kelele za Maitu aligeuza shingo, akaweka mguu chini, na kugeuka huko ndiko kulikomwokoa. Pikapu ilimpokonya baiskeli ikamrusha yeye kwenye ua. Mkono ulivunjika, uso ulichanwa na miba tangu paji hadi kidevu, lakini alikuwa anapumua, tena anauliza baiskeli yake iko wapi. Nilimtukana. Namshukuru Mungu, nilimtukana mpaka sauti ikaniisha, ndipo nikakaa chini kwenye lami nikalia.

Maitu hakulia. Aliokota matawi yetu yote ya miwati, yale yake na yale yangu, akayafunga mzigo mmoja. Nilidhani anakwenda kuyachoma.

Mume wangu alipotolewa hospitali, mkono umefungwa shingoni, Maitu alikuja kunigongea mlango. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Uani alikuwa ameweka baiskeli iliyovunjika, na ule mzigo wa matawi, umenyauka sasa, na mengine mabichi juu yake.

Tulipandisha kila kitu juu ya basi. Mjini tulishuka tukatembea, yeye na matawi kichwani, mimi na baiskeli begani, katikati ya watu wa suti waliotupisha njia kwa kuogopa kuchafuliwa. Ngazi za ile ofisi zilinitoa jasho. Juu, mbele ya mlango wa kijana mwenye tai, Maitu alitua mzigo wake akaufungua. Akapanga matawi kwenye sakafu iliyong'aa kwa nta, moja moja, kwa utulivu, pande zote mbili za mlango, kama alivyokuwa akipanga kwenye lami. Akaniashiria niilaze baiskeli katikati.

Askari wa mlangoni alikuja mbio. "Wewe mama! Hapa ni office!"

"Najua."

"Sasa hii takataka ni ya nini?"

"Wewe ukiona matawi kwa barabara, unajua nini?"

Yule askari alikuwa mtu wa kwetu magharibi, alijibu bila kufikiri. "Kuna gari imeharibika."

"Basi," Maitu akasema, akaketi kwenye benchi. "Hapa kumeharibika."

Mtu mmoja alicheka. Makarani walichungulia kutoka vyumba vingine, wakaja, wakaviona vyuma vilivyojikunja na damu kavu kwenye usukani, kicheko kikakatika. Kila aliyepita pale alipunguza mwendo, akaruka matawi kwa uangalifu, hakuna aliyeyakanyaga. Hatimaye alitoka mkubwa wao, mzee mwenye miwani, akasimama mbele ya matawi akauliza kuna nini. Maitu akamwambia. Alimwambia yote, hata habari ya sisi kuwazoesha madereva uongo, hakujificha nyuma ya kitu. Kijana wa tai alisimama mlangoni anatazama viatu vyake. Sikumwambia lile neno nililokuwa nimemwekea. Nilikuwa nimechoka.

Yule mzee alikuja Uthiru mwenyewe kwa gari la serikali. Alishuka, akapanda njia yetu kutoka chini kwa miguu, akatokea kwenye lami, na basi likapita mbele ya pua yake. Alirudi nyuma hatua kadhaa akavua miwani.

Wafanyakazi wa barabara walikuja siku nyingine. Walikata kayaba pande zote mbili mpaka mtu akaweza kuona mbali kuelekea Limuru na mbali kuelekea mjini. Walichimba shimo, wakamimina saruji, wakasimamisha mlingoti. Uthiru nzima ilikuwa pale, na mume wangu mbele ya wote, mkono bado shingoni, anawafundisha watu kazi wanayoijua. Kibao kilipofunuliwa tulipiga vigelegele. Pembetatu yenye ukingo mwekundu, na ndani yake baiskeli nyeusi, imechorwa sawasawa, ina usukani, ina kiti, ina magurudumu mawili mazima.

Maitu peke yake hakupiga kigelegele. Alikisogelea kibao, akainua kichwa.

"Haina mtu," akasema.

Mfanyakazi mmoja alicheka. "Mama, ndivyo inachorwa. Ni alama tu."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Yule mfanyakazi alitutazama ili tumsaidie. Mimi niliyatazama magurudumu yale na nikasikia kabichi zikibingirika.

Maitu aligeuka, akamwona mume wangu. Alimwendea, akamshika ule mkono mzima, akamvuta mpaka chini ya kibao, akamgeuza atazame barabara.

"Simama hapo," akamwambia. "Hapo. Usitoke."

Alisimama. Mtu mzima, mfanyakazi wa mjini, alisimama chini ya mlingoti kama alivyoambiwa, makovu ya miba usoni. Maitu alirudi nyuma kidogo akawatazama, baiskeli juu na mtu chini, akatazama mpaka wafanyakazi wakaanza kupakia makoleo yao kwenye lori. Halafu akajifunga kanga kiunoni, akashuka njia kwenda kukamua ng'ombe wake.